Nilisubiri ndoto, watu wakawa wanapiga hodi

Nilistaafu kwa hiari mwaka 2019, nikiwa na miaka 55, baada ya miaka 33 ya uuguzi hapa kisiwani Pemba. Kwetu mtumishi wa serikali akifika 55 anaweza kuomba mwenyewe kupumzika, na akifika 60 anapumzishwa. Mimi niliomba. Mgongo ulikuwa umechoka kunyanyua wagonjwa, na nilikuwa nimeweka nia kwamba umri uliobaki ni wa ibada. Siku ya kuagwa wenzangu walinipa doti mbili za kanga, busati na saa ya ukutani. Nikarudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Wete, nikaitundika saa juu ya mlango wa ukumbi, nikakaa.

Nilikaa karibu miaka miwili. Naandika kwa sababu ya miaka hiyo miwili, na kwa sababu wanawake wengi wananiuliza swali lile lile nililokuwa nikijiuliza kila alfajiri baada ya kutoa salamu: Mola wangu, umenibakisha kwa ajili ya nini? Wengine wamepita miaka 50, wameshaoza watoto na nyumba imekuwa kimya. Wengine ni mabinti wa miaka 28, wana shahada ya chuo kikuu na kazi isiyowakaa moyoni, na tayari wanajiona wamechelewa. Nawajibu wote kwa niliyoyapitia.

Kwanza niseme nilivyoipenda kazi yangu, ili ieleweke nilichokuwa nimekiacha. Nilianza mwaka 1986. Miaka ile malaria ndiyo iliyotawala wodi ya watoto. Zikija mvua za masika tulikuwa tukilaza watoto wawili, mara nyengine watatu, kitanda kimoja, kichwa cha huyu miguuni mwa yule, na mama zao chini kwenye mikeka. Nimeshika mikono mingi midogo ikipoa. Halafu mwaka 2003 Zanzibar ikaachana na klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeshaizoea, ikaingiza dawa mseto. Miaka michache baadaye vikaja vyandarua vyenye dawa, na watu wa kupuliza dawa kwenye kuta za majumba. Nilikuwepo, niliona vitanda vinaanza kubaki vitupu. Asubuhi moja baada ya masika niliingia zamu nikakuta wodi ina watoto wanne tu, na hakuna hata mmoja mwenye malaria. Nilitoka nje nikasujudu sijida ya kushukuru, watu wakinitazama. Aliyejaaliwa kuishuhudia asubuhi kama ile, ukimwambia kazi yako imekwisha, kaa nyumbani ule pensheni, umemwambia neno zito.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa haraka. Niliona bora shughuli yoyote kuliko kukaa. Nikachukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo nikafungua duka la kanga na vitenge. Sikuwa na asili ya biashara wala mapenzi nayo. Akija mwanamke anaoza binti yake na hana kitu, nilimpa kwa mkopo, kisha sikuweza kumdai. Duka lilidumu miezi 14. Kwa anayestaafu leo, ushauri wangu ni huu: mwaka wa kwanza usikiguse kiinua mgongo ila kwa paa linalovuja au deni. Mtu aliyetoka kazini karibuni yumo msibani, hata kama watu wanampongeza, na mwenye msiba haachiwi kuamua mambo makubwa.

Baada ya duka nikageukia istikhara, swala ya kumuomba Mola akuchagulie lenye heri. Niliswali usiku baada ya usiku, rakaa mbili, nikaleta ile dua niliyohifadhishwa chuo cha Qurani nikiwa mtoto, kisha nikalala kwa ubavu wa kulia nikitegemea kuota. Tumekuzwa hivyo wengi wetu, kwamba jawabu la istikhara huja usingizini: ukiota kijani au cheupe ni heri, ukiota moto au cheusi ni shari. Niliota mengi. Niliota bahari. Niliota marehemu mama yangu amekaa kwenye jamvi anachambua karafuu. Niliota wodi. Hakuna ndoto iliyoniambia kitu. Nikaanza kuingiwa na dhana kwamba Mwenyezi Mungu amenyamaza kwangu, na dhana hiyo inauma kuliko ufukara.

Nilimwendea mzee mmoja anayesomesha chuoni kwetu. Akaniuliza, "Unaswali istikhara juu ya jambo gani?" Nikamwambia, juu ya kujua nifanye nini na umri wangu huu. Akasema, "Hilo halijawa jambo, mwanangu. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema mmoja wenu anapokusudia jambo na aswali rakaa mbili. Anapokusudia. Wewe hujakusudia kitu." Akanieleza kwamba katika hadithi ile aliyoipokea Jabir, sahaba wa Mtume, hamna ndoto hata moja. Mja huliweka jambo lake mbele ya Mola, akaomba kama lina heri lisahilishwe na kama lina shari liepushwe, kisha huinuka akaliendea. Likifunguka, hilo ndilo jawabu. Likiziba, hilo pia ni jawabu. 

Wako wanawake ninaowajua walioacha kuolewa, wengine walioacha kusoma, kwa kungoja ndoto ambayo Mtume hakuwaahidi. Ndiyo maana nalirefusha hili.

Basi jambo la kukusudia ningelipata wapi? Hapo uuguzi wangu ukanifaa. Nesi hatoki zamu bila ya kuandika ripoti: nani kalazwa, nani kabadilika, nani wa kuangaliwa usiku. Nikanunua daftari nikaanza kuandika ripoti ya mlango wangu mwenyewe. Kila aliyepiga hodi nilimwandika: tarehe, saa kama inavyosema ile ya ukutani, jina, na alichokifuata. Nilianza Rajabu nikaishia mwisho wa Ramadhani. Walikuwa watu 61.

Siku zenyewe zilipokuwa zikipita niliona watu wanakuja tu, kama wanavyokuja kwa jirani. Nilipozisoma kurasa zote kwa pamoja, usiku mmoja baada ya tarawehe, nilishtuka. Wengi walifuata mambo ya dawa: kusomewa kikaratasi cha vidonge, kupimwa presha, kufungwa kidonda. Lakini 14 walikuja kwa jambo moja. "Nesi, njoo umtazame bibi, pumzi zimebadilika." "Nesi, njoo, baba hasemi tena." Walinitaka nikae na mtu anayekata roho, nimloweshe midomo kwa pamba, nimsomee Yasini, nimfumbe macho, niwaambie walio hai kwamba tayari. Na kila mara, baada ya hapo, nilivaa viatu nikarudi kwangu, nikawaachia wakoshaji, wale wanaoosha maiti, wafanye yao.

Neno wito limetoka katika kuita. Mie nililitafuta kama kitu kilichofukiwa moyoni mwangu, nikawa naichimba nafsi mchana na usiku. Lakini kwenye kuitwa lazima awepo muitaji, na waitaji wangu walikuwa 14, wameandikwa kwa majina na saa walizokuja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia anayeniuliza ni kuandika ripoti ya mlango wake. Asiandike anayoyapenda wala anayoyaota. Aandike watu wamemfuata kwa nini, miezi mitatu mfululizo, bila ya kuchagua. Kijana wa mjini asiyepigiwa hodi mlangoni anapigiwa simu: aandike hizo. Binti mmoja wa Unguja, mhasibu, alifanya hivyo akagundua kwamba kazini kwao kila mwenye ugomvi na mwenziwe humfuata yeye kabla ya kwenda kwa mkubwa. Hakuwahi kulihesabu hilo kuwa ni kitu.

Kijijini kwetu aliyekuwa akikosha maiti wa kike ni bibi mmoja, wote tukimwita Bi Mkubwa. Kazi hiyo alikuwa nayo tangu mimi sijavaa sare ya unesi. Magoti yalikuwa yamemwishia. Alikosha amekaa kwenye kiti, na wenziwe wawili, wazee kama yeye, wakimgeuzia maiti. Mabinti wanaogopa. Tunasema ni faradhi ya kifaya, wakiifanya baadhi wengine wamesalimika, basi kila mmoja anategemea kwamba hao baadhi wapo. Siku wakiondoka wale wazee watatu, dhambi ingekuwa ya kijiji kizima. Nililijua hilo, na bado sikujipeleka. Kilichonizuia ni kiburi: mimi nimesomea kuwahudumia walio hai. Nakisema wazi kwa sababu najua wako wenye vyeti ukutani ambao wito wao unawangoja kwenye kazi wanayoiona iko chini yao.

Nikaswali istikhara, safari hii nina jambo mkononi. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, akaja mjukuu wa Bi Mkubwa anahema. "Bibi kasema uje, kuna maiti, na mwenziwe mmoja anaumwa." Nikaenda.

Nitaeleza nilichokiona mikononi mwa Bi Mkubwa. Ya maiti mwenyewe sitasema. Ua lilikuwa limezungushiwa makuti, na juu ya kitanda wanawake wanne wameshika shuka kwa pembe zake, nyuso wamezigeuza pembeni. Majani ya mkunazi yametwangwa yakachanganywa na maji ndooni mpaka yametoa povu. Kafuri imesagwa, imo kisahanini. Chetezo kinafuka udi. Bi Mkubwa alijiviringisha kitambaa mkono wa kushoto, akaweka wa kulia juu ya bega la maiti, akamwambia kwa sauti ya mtu anayemuamsha mtoto, "Haya mwanangu, tunakukosha. Tunaanzia kuliani." Na kabla ya kila kitu alimwambia. "Tunakumiminia maji." "Tunakulaza ubavu wa kushoto, tumekushika."

Nilisimama na kata ya maji mkononi, na miaka yangu 33 ikawa iko pale kitandani. Hilo ndilo somo la mwanzo tulilosomeshwa chuo cha uuguzi: usimguse mgonjwa kabla hujamwambia unataka kumfanya nini. Hata aliyezimia. Hata unayedhani hasikii. Mwalimu wetu alikuwa akitupunguzia alama kwa hilo pekee. Nilikuwa nimelifanya kwa maelfu ya watu nikidhani ni kanuni ya hospitali. Bi Mkubwa hajui kanuni ya hospitali yoyote, naye alikuwa nayo, kaipokea kwa mama yake.

Tulimkosha mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Nywele tulizisuka misuko mitatu tukailaza nyuma. Tukamkafini kwa nguo tano za bafta, shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi na zile mbili za kumfunika mwili mzima. Nilirudi nyumbani nikakoga, nikaswali, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu nistaafu.

Nilipoanza kusoma zaidi juu ya kazi hii nikakutana na Ummu Atiyya, mwanamke wa Kiansari wa Madina. Amesema mwenyewe, katika hadithi iliyomo kwenye kitabu cha Imamu Muslim, kwamba alitoka na Mtume katika vita saba, akibaki nyuma kwenye mizigo, akiwapikia, akitibu majeruhi na kuuguza wagonjwa. Na ndiye huyo huyo aliyepokea maagizo siku alipofariki binti wa Mtume: mkosheni mara tatu, au tano, au zaidi mkiona haja, kwa maji na mkunazi, na ya mwisho mtie kafuri, na anzeni kuliani kwake na viungo vyake vya udhu. Walipomaliza Mtume akawapa shuka yake wamgusishe nayo mwilini. Maana yake mwanamke ambaye umma huu umejifunza kwake namna ya kukosha maiti alikuwa muuguzi. Nimesoma chuoni, nimesoma skuli, nimefanya kazi miaka 33, na sikuwahi kuambiwa. Nililia sana siku ile.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaowahimiza watu waache kazi zao ati wafuate wito. Ufundi ulioupata kwa miaka mingi ni amana, na mara nyingi wito mpya unaukuta umo humo humo ndani ya ule wa zamani. Mtume alipoulizwa kama amali zina maana ilhali mambo yameshakadiriwa, alijibu: fanyeni kazi, kila mmoja amesahilishiwa lile aliloumbiwa. Limesahilishwa maana yake mikono yako inalifanya kwa wepesi pale ambapo wengine inawawia nzito. Mie sauti ya mtu anayekata roho haijawahi kunikimbiza. Sikulihesabu hilo kuwa ni neema, nilidhani kila mtu yuko hivyo.

Na ule ufundi wa zamani ulikuwa na la kuongeza. Wenzangu wale wazee walikuwa wakinyanyua maiti kwa nguvu za kiuno, wakirudi nyumbani hawawezi kurukuu. Niliwaonyesha namna tunavyomgeuza mgonjwa kwa shuka iliyotandikwa chini yake: wawili upande huu, mmoja upande wa pili, mkono mmoja begani na mmoja nyongani, mnahesabu pamoja. Nikaleta glavu na aproni, kwa sababu marehemu wengine wamekufa kwa maradhi yanayoambukiza, na nikawafundisha kumwagia klorini pale maji yalipopita. Glavu zilileta mazungumzo marefu. Bi Mkubwa alisema mpira ule unamfanya maiti ashikwe kama na mgeni. Hakukosea. Tukakubaliana glavu ziwe ndani na kitambaa juu yake, na hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Jambo la siri nalo nilikuwa nimeshalizoea. Nesi haondoki na habari ya mgonjwa kwenda nayo sokoni. Mkoshaji amefungwa zaidi: imepokewa kwamba anayemkosha maiti akamsitiri, Mwenyezi Mungu humsamehe mara 40. Katika kijiji kidogo watu huuliza, tena kwa ulaini. Ukishajibu mara moja, hakuna mwanamke atakayekufa na moyo mtulivu akijua ni wewe utakayemvua nguo.

Nyumbani haikuwa rahisi, na ningependa msomaji alijue hili kabla hajalikusudia lake. Binti yangu yuko Unguja. Aliposikia alinipigia simu, "Mama, kazi za thawabu zimejaa tele, umeichagua hiyo?" Mjukuu wangu wa miaka saba alipokuja likizo alikataa tonge kutoka mkononi mwangu. Hakusema kitu, alifumba mdomo tu akanitazama mikono. Sikumlazimisha. Kila siku nilikosha mikono mbele yake kwa sabuni, polepole, vidole kimoja kimoja, kama tunavyokosha kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, naye akawa anakuja kuhesabu. Likizo ya pili alikula. Na binti yangu mpaka leo hatulizungumzi. Anatuma pesa, anauliza presha yangu, na nikimwambia jana sikulala anabadilisha maneno. Nimemwachia Mola wake na muda.

Kuhusu pesa nitasema kidogo kwa sababu ni kidogo kweli. Kukosha sichukui malipo. Wengine huleta sabuni, au pishi ya mchele baada ya hitima, napokea. Naishi kwa pensheni yangu, na kwa mikarafuu michache niliyorithi, ambayo mwaka ikizaa napata na isipozaa sipati. Bi Mkubwa hakuwa na pensheni ya kazi. Alikuwa akipokea ile pensheni jamii wanayopewa wazee wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Nataja haya ili mtu asikimbilie wito unaomwachia watoto na njaa. Kula kwa kazi ya mkono wako ni ibada, na Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mkono wake. Binti wa miaka 30 mwenye kazi ya ofisini na wazazi wa kuwatazama, mwambie abaki ofisini, wito wake aupe Jumamosi. Umri ungalipo.

Na huo umri tusiuogope hivyo. Watu hunitajia aya ya Suratul Ahqaf, mtu anapofika miaka 40 akasema, Mola wangu nizindue nishukuru neema zako, na wao wameshapita 40 wakiwa bado hawajazindukana. Lakini isomeni aya yote: mtu yule anaomba kuwezeshwa kutenda mema unayoyaridhia. Anaomba kazi. Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa kwetu Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1912, sehemu kubwa ya ujana wake ilikwenda katika ualimu na ukaguzi wa skuli za serikali. Ukadhi Mkuu aliupata mwaka 1960, na tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969, akiwa na miaka 57. Ukiisoma, utaona maelezo yake yanavyokwenda taratibu kama mtu anayemuelewesha mwanafunzi wa nyuma ya darasa. Ualimu haukuwa njia ya kupotea kwake.

Mwili utakataa baadhi ya mambo, na hilo ni sehemu ya kuitwa. Sikoshi peke yangu. Hodi za saa nane za usiku naziitikia, lakini mkoba wangu uko tayari umetundikwa chini ya ile saa, una glavu, mkasi, pamba, kafuri, sabuni na tochi, ili nisihangaike gizani na magoti haya. Nikiwa na homa nasema nina homa, anakwenda mwengine.

Kuna jambo moja lililonikaza kamba kuliko yote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kuja huku kwetu. Pemba nzima ililia. Wengi hawakuonekana tena. Nilikwenda kwenye nyumba nyingi siku zile, bado nikiwa kazini, na nikaona jinsi mama anavyokaa matanga bila ya maiti. Mikono yao haikuwa na la kufanya. Mmoja alikuwa akikunja na kukunjua kanga ya binti yake siku nzima, hasemi. Sikuelewa wakati ule. Nilipoanza kukosha ndipo nikaelewa kwamba maji yale na mkunazi ule vinampa aliyebaki nafasi ya kumfanyia mtu wake jambo la mwisho, na yule mama alinyimwa nafasi hiyo na bahari. Tangu hapo sijawahi kuharakisha josho, hata jua likiwa kali na wanaume wanagonga nje kwamba kaburi limeshakuwa tayari.

Jumamosi baada ya alasiri nasomesha. Wanakuja mabinti tisa, mdogo ana miaka 19. Hatuna mwanasesere wa kujifunzia, kwa hiyo nalala mimi mwenyewe kitandani, nimevaa nguo zangu na nimefunikwa shuka, nao wananikosha kwa ndoo tupu. Nafumba macho. Najua kwa mikono yao nani anaogopa na nani ameshatulia. Siku ya kwanza yule wa miaka 19 alinigusa bega mara moja akatoka mbio, akaacha viatu mlangoni. Nilimpelekea viatu kwao jioni, sikumuuliza neno. Alirudi baada ya wiki tano.

Bi Mkubwa alifariki mwezi wa Shaabani mwaka jana, alfajiri, akiwa amelala kama alivyokuwa akipenda. Aliusia mimi nimkoshe na wanafunzi wangu wasaidie. Tulizungushia ua, nikatwanga mkunazi mwenyewe. Mabinti walishika shuka kwa pembe zake, nyuso wamezigeuza. Nilipotafuta mtu wa kusimama kichwani, yule wa miaka 19 alishatangulia kusimama, ameshavaa glavu na kitambaa juu yake. Tulimkosha kwa mbele, kulia kisha kushoto. Ilipofika kumgeuza nilifungua mdomo nikashindwa, sauti haikutoka. Binti akaweka mkono juu ya lile bega, akainama.

"Bibi," akasema, "tunakulaza ubavu wa kushoto. Tumekushika."